Kivuli Kidevuni: Aibu Isituunguze Ngozi

Yako mambo ambayo sisi wanawake huyazungumza tukichambua mchicha, na yako mengine ambayo hatuyasemi hata kwa dada wa tumbo moja. Ndevu ni mojawapo. Tunapimana presha, tunaelezana habari za uzazi na za kukoma hedhi, lakini mwenye nywele kidevuni hufunga mlango wa bafu na kunyamaza. Mwezi huu tumeona vema tulifungue jambo hili, kwa sababu tumeona kwa macho yetu nyuso zilizoungua kwa ajili yake.

Sisi tunaoandika ni wauguzi. Ni zaidi ya miaka 20 sasa tangu tupate diploma, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajitolea kwenye meza ya afya ya kanisa letu hapa Mombasa. Tunapima presha na sukari, tunafunga vidonda vidogo, tunashauri, na tunaowashindwa tunawaelekeza kwa daktari. Wale tutakaowataja hapa wametupa ruhusa, mradi tusiwataje kwa majina.

Kivuli hutoka wapi?

Nywele za usoni ni za aina mbili. Ziko laini, fupi, zisizo na rangi, ambazo kila mwanadamu anazo. Na ziko nene, nyeusi, zenye mzizi mrefu ndani ya ngozi. Homoni za kiume, ambazo hata mwili wa mwanamke hutengeneza kwa kiasi kidogo, ndizo zinazogeuza zile za kwanza kuwa kama hizi za pili. Zikishageuka, ni vigumu kurudi zilikotoka.

Wembe hukata nywele pale inapochomoza tu. Sehemu iliyobaki chini huonekana kupitia ngozi, na hicho ndicho kivuli. Kwa mtu mweupe huonekana cha buluu. Kwetu sisi weusi huonekana kijivu, kama jivu, au weusi uliokolea kuliko uso wote. Nywele ya ndevu hukua karibu theluthi moja ya milimita kwa siku. Ndiyo maana aliyenyoa alfajiri huweza kukiona tena kivuli kabla ya jua kutua, na kwa nini kunyoa mara tatu kwa siku hakusaidii kitu ila kuchubua ngozi.

Wanaosumbuliwa na kivuli hiki ni wengi kuliko tunavyodhani. Wako wanawake wenye hali ya homoni za ovari ambayo madaktari huiita PCOS, inayompata karibu mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Wako mama waliokoma hedhi. Na wako wanawake transjenda, yaani watu ambao walipozaliwa waliandikwa kuwa wavulana, lakini wao wanajijua na kuishi kama wanawake. Hawa hawatoki mbali. Wengine tumewasikia mahakamani hapa hapa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha sekondari cha Audrey Mbugua, ambaye ni mmoja wao. Wapo pia ambao hawajawahi kusikika popote. Wanashona, wanauza, wanapanda matatu pamoja nasi.

Dada wa leso

Mmoja wao alifika mezani petu Jumamosi moja ya joto kali, akiwa amejifunga leso hadi puani. Akatuamkia, "Shikamoo, mama." Tukaitikia marahaba. Hakutaka kuketi. Alisema anahitaji dawa ya kuungua tu, aondoke zake.

Tulimpeleka nyuma ya pazia, akafungua leso. Mashavu yote mawili na kidevu vilikuwa vimechubuka, vinatoa maji. Upande wa kushoto palikuwa na usaha, na uvimbe ulikuwa umepanda hadi chini ya jicho. Kipimajoto kilionyesha 38.9. Alikuwa amepaka krimu ya kuondoa nywele, ile ya miguuni, ambayo karatasi yake inasema isizidi dakika 10. Yeye aliiacha dakika 40, kwa kuwa ndevu zilikuwa hazitoki. Siku ya pili ngozi ikawa nyeusi, akaipaka mkorogo ili ing'ae. Hayo yalikuwa yametokea siku sita nyuma.

"Mbona umechelewa hivi, dada?"

"Nilikwenda mahali, mama. Walicheka. Halafu wakaitana waje kuniona."

Kiswahili chetu kina adabu yake. Hakimlazimishi muuguzi kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke anaposema "anaumwa" au "amekuja". Lakini mgonjwa lazima umwite kwa neno la heshima, nasi tulimwita dada, kwa kuwa ndivyo alivyojiita mwenyewe.

Wakati tukimwosha kidonda alitueleza mambo yake kidogo kidogo. Yeye ni mshonaji. Hushona nyumbani, kisha huvuka Likoni kupeleka nguo kwa wateja. "Pale kivukoni watu hawaniangalii machoni," alisema. "Wananiangalia kidevu. Jasho likishatoka na poda ikayeyuka, naanza kuhesabu hatua za kushuka." Mara moja kijana alimvuta leso mbele ya umati, na wengine wakaanza kumsukuma. Alinusurika kwa sababu kivuko kilikuwa kimeshatia nanga na mzee mmoja alimshika mkono akamtoa. "Kivuli kikionekana, mimi si fundi tena. Mimi ni kioja."

Hapo ndipo mtu huelewa zile dakika 40. Msomaji anaweza kudhani ni urembo tu, mambo ya poda na kioo. Kwa dada huyu yalikuwa mambo ya kufika nyumbani salama.

Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni si kazi ya meza ya kanisa. Tuliufunika uso wake kwa kitambaa safi, tukaenda naye sisi wenyewe hospitalini, tukaketi naye kwenye foleni ili asipate sababu ya kukimbia. Alichomwa sindano za dawa siku nne. Jicho likapona.

Wajumbe wa Daudi

Habari hazifichiki kanisani. Kwenye mkutano wa akina mama wiki iliyofuata, mama mmoja aliuliza kwa upole tu, "Tukimhudumia huyu, hatutaonekana tumekubali maisha yake?" Hatukumdharau. Lilikuwa swali la wengi waliokuwa wamekaa kimya.

Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Hakuhubiri. Alifungua Samweli wa Pili, sura ya 10, akatukumbusha habari za wale wajumbe ambao Daudi aliwatuma kwenda kumfariji mfalme wa Waamoni aliyefiwa na baba yake. Mfalme yule aliwashuku, akawanyoa nusu ya ndevu zao, akawakatia nguo, akawafukuza. Daudi alipopata habari alituma watu kuwalaki njiani, kwa kuwa walikuwa wametahayari mno, akawaambia wakae Yeriko mpaka ndevu zao zikue.

"Kumbe hata Biblia inajua aibu ya ndevu," mwenyekiti akasema. "Na mfalme hakuwaleta mjini hivyo hivyo wachekwe. Aliwapa mahali pa kukaa na muda wa kupona. Sasa niambieni, hapa kwetu Yeriko iko wapi?"

Hatukukubaliana juu ya kila kitu siku ile, na hata leo bado. Lakini tulikubaliana kwamba anayefika mezani akiwa ameungua huoshwa kidonda kwanza. Sisi wauguzi tuliongeza kuwa hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora kadiri inavyowezekana, na kwamba hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Haikuandika ni mtu wa namna gani.

Watu walipotawanyika, mama mmoja wa kwaya alibaki akikunja viti ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Tunamfahamu miaka mingi. Huvaa kitambaa shingoni hata mwezi wa Februari. Akatwambia, "Miaka 18 ya ndoa naamka saa kumi alfajiri, kabla baba watoto hajaamka, ninyoe. Sijamwambia mtu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yule dada, kabla hajaungua, alikuwa anajifunika na nini?"

Waliotutangulia waliumia

Kabla ya kujibu swali lake, tueleze kidogo mambo ya nyuma, ili msomaji aone kwamba kuumizwa kwa ajili ya nywele za usoni hakukuanzia kwetu.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na muda si mrefu madaktari wakaona kwamba inaangusha nywele. Katika miaka ya 1920 huko Marekani ilienea mashine iliyoitwa Tricho, ya daktari Albert Geyser wa New York. Iliwekwa kwenye saluni, na wanawake wakaketi mbele yake wakiambiwa haina uchungu wala madhara. Uchungu haukuwapo kweli. Baada ya miaka ngozi zao zilikunjamana, zikatoka vidonda, na wengine wakapata saratani. Mapema miaka ya 1930 ikatoka krimu iliyoitwa Koremlu, iliyotengenezwa kwa thaliamu, sumu ambayo ilitumika kuua panya. Waliojipaka walipata ganzi na maumivu ya miguu, wengine macho yakaharibika, na nywele za kichwani zikawatoka.

Hadithi nyingine inatugusa sisi Waafrika zaidi. Dawa ya eflornithini iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa ugonjwa wa malale ule unaopatikana Kongo, Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda. Wagonjwa waliokuwa wamepoteza fahamu waliamka. Lakini wagonjwa wa malale hawana fedha, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa sindano zake ulisimamishwa. Mwaka 2000 dawa ile ile ikaidhinishwa kwa namna nyingine, krimu ya kupunguza ndevu za wanawake. Kelele za madaktari wa misaada na Shirika la Afya Duniani zilipopanda, mwaka 2001 yakafanyika makubaliano ya kuitengeneza tena kwa ajili ya malale. Krimu yenyewe haing'oi nywele, hupunguza tu kasi ya kukua, na ukiiacha zinarudi. Tunaisimulia ili mtu asidharau jambo hili la ndevu. Aibu ya wanawake ni soko kubwa duniani, na sokoni hapo vimeuzwa vya kufaa na vya kuua.

Kunyoa bila kujijeruhi

Dada alirudi baada ya wiki sita, ngozi imefunga. Jambo la kwanza tulilomfundisha ni kunyoa, kwa sababu kunyoa vizuri hakuongezi ndevu wala hakuzifanyi nene. Hiyo ni imani tu ya mitaani. Nywele iliyokatwa ina ncha butu, kwa hiyo huhisiwa kuwa ngumu kidoleni.

Tatizo letu weusi ni kwamba nywele zetu hujikunja. Zikikatwa chini sana, ncha hurudi ndani ya ngozi, na mwili huipokea kama mwiba. Hapo hutoka vipele, kisha usaha, kisha alama nyeusi ambazo hukaa miezi. Kuzing'oa kwa kikoleo au kwa nta huleta vipele vile vile, wakati mwingine zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa. Tumia sabuni au krimu ya kunyolea yenye povu la kutosha. Chukua wembe safi, mkali, wa makali moja. Nyoa kufuata upande nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie mahali pamoja mara nyingi. Malizia kwa kitambaa kilichotiwa maji baridi, kisha mafuta mepesi yasiyo na manukato. Vipele vikiwa vimeshatoka, pumzika kunyoa hadi vitulie. Na wembe usiazimane na mtu yeyote, hata mume. Damu kidogo usiyoiona yaweza kubeba virusi vya homa ya ini au Ukimwi.

Krimu za kuondoa nywele zisizoandikwa kuwa ni za usoni zisipandishwe usoni. Hata zile za usoni, jaribu kwanza kipande kidogo cha ngozi na usubiri siku nzima. Muda ulioandikwa ukiisha, osha, hata kama nywele zimebaki. Mkorogo usiuguse kabisa. Ndani yake mara nyingi mna hidrokwinoni, dawa kali za steroidi, na wakati mwingine zebaki, ambayo huharibu figo. Alama nyeusi za vipele hupungua zenyewe ukiacha kuzichokonoa na ukijikinga na jua.

Kufunika kivuli

Hapa ndipo dada alipotufundisha sisi. Kufunika kivuli hatukuwahi kusoma chuoni. Tulimwomba, naye akakubali kuonana na mama wa kwaya katika chumba kidogo nyuma ya jiko la kanisa, sisi tukiwapo.

Mama alikuwa amezoea kupaka poda nyingi juu ya kivuli, na uso ukatoka kama umepakwa unga. Dada alimwambia, "Mama, poda nyeupe juu ya kijivu inazidisha kijivu. Kwanza ukiue kivuli kwa rangi." Akatoa rangi ya mdomo ya bei nafuu, ya rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea tofali. Akaeleza kwamba kijivu na buluu hufutwa na chungwa, na kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo chungwa linavyotakiwa kuelekea wekundu.

Hatua zake ni rahisi. Nyoa, ngozi ipumzike robo saa, paka mafuta mepesi na usubiri yanywee. Gusa rangi ya chungwa kwa ncha ya kidole, uipigepige pale penye kivuli tu, yaani juu ya mdomo, kidevuni na chini ya taya. Usisugue, maana ukisugua unaiondoa. Mtu atakuwa kama amekula embe, asiogope. Kisha paka krimu ya msingi inayofanana na rangi ya shingo, nayo kwa kupigapiga. Mwisho poda kidogo ya rangi yako, ikandamizwe kwa pamba. Joto la Pwani likija, jasho likaushwe kwa kukandamiza leso, si kupangusa. Usiku vyote vioshwe, ngozi ilale safi. Na pasipakwe kitu juu ya kidonda au kipele kibichi.

Mama alijitazama kiooni muda mrefu. Akasema tu, "Miaka 18." Halafu akamwuliza dada bei ya kushona gauni la kwaya.

Tulimshauri pia apimwe, kwa kuwa ndevu za mwanamke huweza kuwa dalili. Daktari alithibitisha kuwa ni PCOS, na sukari yake ilikuwa imeanza kupanda bila yeye kujua, kwa kuwa hali hiyo na kisukari huandamana. Siri aliyoificha kwa wembe kila alfajiri ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha ugonjwa mwingine. Kila mwanamke mwenye ndevu na hedhi isiyo na mpangilio na amwone daktari. Na kama nywele zimetokea ghafla, sauti nayo inakuwa nzito, asingoje, maana yaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.

Vidonge haviondoi ndevu

Jambo jingine lilitutisha. Dada alikuwa akinunua vidonge vya kupanga uzazi kwenye duka la dawa, akimeza vitatu kwa siku, akitumaini homoni za kike zitamaliza ndevu. Wengi walio katika hali yake hufanya hivyo kwa sababu hawana daktari wa kumwuliza.

Ukweli ni huu. Homoni za kike zikitolewa kwa mtu mzima hulainisha ngozi na huweza kupunguza kasi na unene wa nywele, lakini ndevu zilizokwisha kuota haziondoki kwa vidonge. Vidonge vya uzazi vikizidishwa huweza kugandisha damu kwenye mishipa. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana na pumzi inakatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Matibabu ya homoni ni kazi ya daktari, kwa kipimo na kwa kupima damu. Hata mama mwenye PCOS asijipe dawa mwenyewe. Baadhi ya dawa za kupunguza ndevu hazifai kabisa kwa mwenye mimba.

Umeme na leza

Njia za kuondoa mizizi zipo mbili. Ya kwanza ni umeme. Mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, alieleza namna alivyoondoa kope zinazoota kuelekea ndani kwa kuingiza sindano nyembamba kwenye shimo la nywele na kupitisha umeme. Hadi leo kazi ni ile ile, nywele moja moja. Inafaa kwa ngozi ya rangi yoyote na kwa nywele yoyote, hata mvi, na mzizi uliokufa haurudi. Lakini ndevu nzito zaweza kuhitaji saa 100 au zaidi, zikigawanywa kwa mwaka mmoja au zaidi, na inauma.

Ya pili ni leza, iliyoanza kutumika kwa nywele katikati ya miaka ya 1990. Mwanga wake hutafuta weusi wa nywele na kuchoma mzizi. Hatari ni kwamba ngozi nyeusi nayo ina weusi. Leza isiyofaa huchoma uso wenyewe, ikaacha malengelenge na mabaka. Kwa ngozi zetu iliyo salama zaidi ni ile ya Nd:YAG, yenye namba 1064. Uliza namba hiyo kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu. Omba ajaribu kipande kidogo kwanza, na urudi baada ya siku kadhaa. Usiende ukiwa umetoka kuchomwa na jua. Usizing'oe nywele wiki za kabla, kwa sababu mwanga unahitaji kuukuta mzizi, kunyoa kunaruhusiwa. Kwa kuwa nywele hukua kwa zamu, utarudi mara nyingi, kila baada ya wiki 4 hadi 8. Mvi haziondoki kwa leza.

Vyote viwili ni ghali. Dada ameacha vidonge, na amefungua akiba ya leza, sehemu kidogo ya kila nguo anayoshona. Bado hajafikia. Kwa sasa ananyoa, anafunika, anavuka.

Nyumbani na kanisani

Wapendwa, yako mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu bila fedha. Usimwangalie mtu kidevu unapozungumza naye. Usimtanie binti yako nywele za juu ya mdomo, hata kwa mzaha wa jikoni, kwani ndipo anapojifunza kufunga mlango wa bafu. Mzazi ambaye mtoto wake ni kama dada yule, usimfukuze kabla hujamsikiliza. Mtu aliyefukuzwa kwao hana wa kumwambia kwamba kidonda chake kimeanza kutoa usaha. Nasi wauguzi, mgonjwa akifungua leso, mikono yetu na ifanye kazi, midomo ikae kimya.

Mama wa kwaya hatimaye alimweleza mumewe. Mzee alimjibu kwamba alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, akaona kwa kuwa mkewe hasemi, basi hataki kuulizwa. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake dhidi ya jambo ambalo wote wawili walilijua. Siku hizi mama huamka saa kumi na mbili.

Si kila mtu ana mume wa namna hiyo, na dada wa leso hana hata mama wa kumpokea simu. Kwa ajili ya hao tunaiweka meza yetu pale pale chini ya mwarobaini, na pazia tumelishona upya, refu zaidi, ili anayekuja asionekane kutoka barabarani. Nyinyi mlio mbali, tafuteni penye kivuli cha mti kwenye kanisa lenu, muweke meza. Bwana awabariki.